Mirunda Niliyoikataa

Mrunda wa kwanza nilioukataa ulikuwa wa mama yangu. Niliugonga mti ule kwa mgongo wa panga mara tatu, karibu na kitako chake, ukanijibu kwa sauti ya debe tupu. Nikachukua chaki, nikauchora alama, nikausogeza pembeni kwenye nyasi. Mama alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, pamoja na wanawake wengine walioleta maji ya ujenzi. Aliinua ndoo yake, akaenda nyumbani, na kwa wiki nzima hakupokea simu yangu.

Ili uelewe kilichomuuma, inabidi nikueleze kwanza namna tunavyojenga kanisa kule kwetu.

Kwetu ni kijiji cha ziwani, mbele kidogo ya Murangi. Watu wanavua, wanalima mihogo, na Jumapili wanajaa kanisani. Kanisa likijengwa, matofali tunafyatua wote, maji wanabeba wanawake, na jukwaa la mafundi linatoka kwenye familia. Kila familia inaleta mrunda mmoja, mti mnyoofu wa mkaratusi ulioondolewa matawi. Karibu na kitako, mwenye mrunda anaukata alama kwa panga: mikato miwili ni watu fulani, mitatu ni wengine, msalaba mdogo ni sisi. Jumapili mirunda inalazwa mbele ya mlango, mchungaji anaiombea, na kuanzia hapo mrunda haurudi nyumbani kwa mtu. Kazi ikiisha unalazwa nyuma ya nyumba ya mchungaji, ungoje ujenzi mwingine. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nazunguka njia ndefu ya kwenda ziwani ili nipite chini ya jukwaa na kuutafuta ule wenye msalaba mdogo. Nikiuona, siku yangu imekuwa nzuri.

Kwa hiyo kuukataa mrunda wa mtu ni kumwambia sadaka yake imerudishwa. Na mrunda wa mama ulikatwa kwenye mikaratusi aliyoipanda baba pembeni mwa shamba kabla hajafariki. Ulishawahi kusimama mara moja, tulipojenga nyumba ya mchungaji. Baada ya hapo ulilala kwenye nyasi misimu mitatu ya mvua, na mchwa wakaula kutokea ndani, taratibu, bila kugusa ganda la nje. Ndiyo tabia yao. Mrunda ulioliwa na mchwa unaweza kuwa mzuri wa kutazama kuliko mzima.

Mimi ni fundi sanifu wa majengo. Naishi mjini, Mwisenge, na wakati huo nilikuwa nasimamia ujenzi wa bweni la shule Butiama, ambako jukwaa letu lilikuwa la mabomba ya chuma na viungio vya boliti. Pale hakuna aliyepanda asubuhi kabla sijalizunguka. Nikiridhika nilikuwa nabandika karatasi ya kijani kwenye ngazi. Nikiona kasoro, nabandika nyekundu, na mafundi wanakaa chini wanakunywa uji mpaka tumerekebisha. Kamati ya ujenzi ya kanisa letu iliposikia kwamba mtoto wao amekuwa msimamizi, ikaniomba nije siku za mapumziko niangalie kazi ya mnara wa kengele. Nilikubali kwa furaha. Sikujua kwamba waliposema niangalie, walimaanisha hivyo tu.

Mnara ulikuwa wa matofali ya kuchoma, urefu wa mita kumi na moja, umesimama bila plasta. Askofu alikuwa anakuja baada ya wiki tatu. Fundi mkuu alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama, mtu wa miaka sitini na kitu aliyeanza maisha kwenye mtumbwi akamalizia kwenye matofali. Ndiye aliyenifundisha kushika mwiko. Ndiye atakayekuwa juu kabisa ya lile jukwaa, kwa sababu kona za mnara hakumwachia mtu yeyote.

Jumamosi ileile niliyoukataa mrunda wa mama, nilikataa na mingine kumi. Mchana tukakaa kikao kwenye mabenchi ndani ya kanisa. Nikafungua karatasi yangu ya mraba mraba, nikaiweka juu ya benchi. Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu aliyetokea Bunda na kuoa kijijini kwetu, akavaa miwani.

"Hii ni nini?"

"Ni ramani ya jukwaa, mwalimu."

"Jukwaa linachorwaga?"

Watu wakacheka. Mjomba akaivuta karatasi karibu, akaigeuza juu chini, akairudisha.

"Mwanangu, mimi nimepandaga majukwaa toka hujazaliwa. Ramani ya kanisa naijua. Ya jukwaa ndiyo naiona leo. Sasa na ngazi nayo utaichorea?"

"Ngazi hiyo hapo, mjomba. Kona ya kulia."

Wakacheka zaidi, naye akacheka, na mimi nikacheka kwa sababu ilikuwa inachekesha kweli. Kisha nikawaeleza, taratibu, kama ninavyokueleza wewe. Nilisema jukwaa ni jengo. Linabeba watu, ndoo za udongo wa saruji, maji na upepo wa ziwa, na linatakiwa kubeba hayo yote bila msingi na bila ukuta wake lenyewe. Ndiyo maana kitako cha kila mrunda kinakaa juu ya ubao mnene au bamba la jiwe, ili kisizame ardhini mvua ikinyesha. Mrunda na mrunda haiachani zaidi ya hatua mbili na nusu, la sivyo ubao utapinda katikati. Halafu kuna mirunda ya mshazari, inayotoka kona ya chini kwenda kona ya juu. Nikawaonyesha geti la kanisa: mbao ziko wima, ziko za kulala, na uko ubao mmoja uliokwenda upande. Utoe huo mmoja uone kama geti halilali. Jukwaa nalo linataka kulala, na mshazari ndio unaolikataza.

Nilisema pia kwamba jukwaa la urefu ule lazima lifungwe kwenye mnara wenyewe, kupitia madirishani. Kwamba pa kukanyaga pawe mbao tatu pamoja, si mmoja, na kiunoni mwa fundi pawe na mti wa kulala wa kumzuia akirudi nyuma kuangalia kazi yake. Mafundi wote wana tabia hiyo. Unapiga plasta, unarudi hatua moja kuitazama, unaridhika, na hatua ile moja ndiyo inayokuua.

Walinisikiliza vizuri. Mwenyekiti akavua miwani.

"Maelezo tumeyapokea, mama fundi. Umefundisha vizuri kuliko mimi nilivyofundishaga. Ila mirunda iliyoombewa haikataliwi. Nani ataenda kumwambia mama yako?"

"Nimeshamwambia."

"Na ndiyo maana sasa sisi tunakuambia wewe: haikataliwi."

Nikaomba watafute mirunda mikavu mahali pa ile kumi na moja, na wasifunge chochote mpaka nirudi wiki inayofuata. Mwenyekiti akaandika. Nilimwona akiandika. Jumatatu nikarudi Butiama.

Sasa nikueleze kuhusu fundo, kwa sababu kila kitu kilikuwa kwenye fundo.

Watu wetu wanafunga jukwaa kwa kamba za nailoni za nyavu zilizochoka, na wanafunga kwa fundo la mvuvi. Ni fundo zuri. Baba alilifungia nyavu za sangara, na hakuna nyavu yake iliyopotea kwa sababu ya fundo. Kamba inazunguka mara mbili, inajipitia yenyewe, na ikivutwa inajibana. Kwenye maji inavutwa mchana na usiku, haipumziki, na kadiri inavyovutwa ndivyo inavyojibana. Mtu aliyekulia na fundo hilo hawezi kulitilia shaka. Ni sawa na kutilia shaka mkono wake.

Lakini jukwaa halivuti kama maji. Fundi anapanda, fundo linabeba. Fundi anashuka kula, fundo linapumzika. Na mrunda mbichi, uliokatwa wiki hii, umejaa maji ndani yake. Ukiusimamisha kwenye jua la kwetu unakauka, na ukikauka unapungua unene. Unapungua kidogo sana, labda unene wa kucha, huwezi kuona kwa macho. Ila kamba inajua. Jumatatu ilikuwa shati la kubana, Ijumaa imekuwa shati la kurithi kwa mtu mnene. Na nailoni inateleza.

Nayajua haya kwa mkono wangu wa kushoto. Miaka saba kabla ya mnara ule nilikuwa Kabasa, pale Bunda mjini, tunapiga plasta nyumba ya maduka ya ghorofa moja. Nilikuwa mwanamke pekee juu ya jukwaa na nilikuwa najivuna kwa hilo. Siku ya tano, saa nne asubuhi, ubao niliokuwa nimesimama ukaondoka. Haukuvunjika. Mti ulioubeba ulishuka tu, kama mtu anayeketi, na mimi nikaenda nao. Nilianguka kwenye rundo la mchanga, na mkono ukatangulia. Mpaka leo kiganja hicho hakigeuki chote. Nikikinga chenji sokoni kwa mkono huo, sarafu zinamwagika. Nilipofumbua macho, nilisikia mtu juu yangu akisema, "Huyu mama kapata kizunguzungu." Wenzake wakakubaliana naye. Ilikuwa rahisi kuliamini hilo kuhusu mwanamke.

Mimi nilijua. Nilikuwa naona ile kamba imebaki inaning'inia, fundo lake zima kabisa, halina mti ndani yake. Nililijua kwa sababu nililifunga mwenyewe, kama nilivyofundishwa na mjomba wangu.

Sikusema. Taarifa ya kizunguzungu ilifika kijijini kabla yangu, na mjomba alikuja kuniona na sato wawili wa kukaanga, akaniambia pole, akaniambia nijitahidi kula asubuhi kabla ya kupanda. Nikamwambia asante, nitajitahidi. Kwa miaka saba nilikuwa mtu aliyepata kizunguzungu.

Ijumaa ya wiki iliyofuata nilifika kijijini kwa bodaboda kabla jua halijazama, na nikaliona jukwaa toka barabarani. Lilikuwa limesimama lote, kutoka ardhini mpaka juu ya mnara.

Nililizunguka. Alama zangu za chaki zilikuwa zimefutwa kwa kitambaa chenye maji, niliona michirizi. Mirunda yote kumi na moja ilikuwa kazini, na kwenye kona ya mbele, mahali pa heshima, ulisimama wenye msalaba mdogo. Mirunda ya mshazari ilikuwa miwili tu. Hakukuwa na kitu chochote kilichofungwa kwenye mnara. Na mirunda iliyobaki karibu yote ilikuwa mibichi, maganda yake bado yana harufu. Nikaanza kushika mafundo. La kwanza nililoshika liligeuka mkononi. La pili likageuka. Nilishika mafundo tisa, yakageuka sita.

Nikaenda kwa mwenyekiti. Nilimkuta uani anamwagilia mchicha.

"Mlifunga lini, mwalimu?"

"Jumatatu. Kesho saa moja wanapanda."

"Mafundo yamelegea."

"Yamefungwa na mjomba wako." Akaendelea kumwagilia. "Mama fundi, nikuulize kwa upole. Askofu aje aone matofali? Tumengoja mnara huu toka mchungaji aliyepita."

"Mkipanda kesho, mtapanda bila mimi."

"Basi utatuombea ukiwa chini," akasema, kwa upole uleule.

Nilitembea kwenda nyumbani nikiwa nimekasirika kiasi kwamba sikuwasalimia watu wawili njiani, na kijijini hilo ni kosa kubwa kuliko yote niliyokwisha kufanya wiki ile. Na katikati ya hasira nikakumbuka boya.

Kwetu mvuvi akitega nyavu anaacha boya juu ya maji, na juu ya boya bendera, kipande cha kitambaa kwenye ufito. Maana yake ni kwamba chini hapa kuna nyavu ya mtu, zunguka. Mnazunguka hata kama njia inakuwa ndefu, hata kama injini inaishiwa mafuta. Mtu akipita juu ya bendera, mwalo mzima, pale mitumbwi inapotia nanga, unajua kabla hajafika nchi kavu, na watoto wake wanaambiwa. Sijawahi kumwona mwanaume wa kijiji chetu akipita juu ya bendera.

Bendera ya baba ilikuwa imechomekwa kwenye kenchi za paa la jikoni, nyekundu iliyofifia. Sikuifikia. Mama alikuwa amekaa pale anachambua dagaa. Aliniangalia nikiruka mara mbili kama mtoto, kisha akausukuma mguu wa stuli kwa mguu wake mpaka ukafika nilipo.

Saa kumi na mbili asubuhi niliifunga ile bendera kwenye ngazi ya jukwaa, nikakaa juu ya tofali.

Walikuja mmoja mmoja: mafundi wanne, mjomba na ndoo yake, wanawake wa maji, mwenyekiti na baiskeli. Kila aliyefika alisimama pale alipoiona. Fundi mmoja akaanza kucheka.

"Mama fundi, unavua nini huko juu? Sato wa hewani?"

"Nimetega nisije nikakuokota wewe hapa chini."

"Hiki kitambaa ni cha nini?" Mwenyekiti alikuwa amefika. "Ng'oeni tuanze kazi."

Hakuna aliyesogea. Nafikiri ndipo mwalimu alipogundua kwamba, pamoja na miaka yake yote kijijini, alikuwa mtu wa kutoka Bunda. Aliwaangalia mafundi, wao wakamwangalia mjomba.

Mjomba akaweka ndoo chini.

"Umetutegea."

"Nimetega, mjomba."

"Unategea watu kanisani?"

"Nategea hapo hapo. Anayetaka kupita juu ya nyavu yangu, apite nikimwona."

Alikuwa amekasirika. Ninamjua, akikasirika anaongea polepole. "Jukwaa hili nimelifunga mimi. Fundo langu halilegeagi."

"Najua. Weka mkono."

"Niweke mkono wapi?"

"Popote, mjomba. Chagua mwenyewe."

Akaenda kwenye kona ya mbali kabisa na niliyokaa mimi, akashika fundo. Kamba ikazunguka mrunda kama bangili kwenye mkono wa mtu aliyekonda. Akaenda kwenye lingine, likazunguka. La tatu lilikuwa limebana, akanigeukia. La nne likamzungukia kabla hajageuka vizuri. Alibaki ameshika pale.

"Mrunda umepungua," akasema mwisho. "Fundo ni zima."

"Fundo ni zima, mjomba. Ndilo lililoniangusha Kabasa."

"Kabasa ulipata kizunguzungu."

"Sikupata kizunguzungu. Nilikuwa nimekunywa chai na mihogo, nina nguvu zangu. Lile fundo nililifunga mimi, kama ulivyonifundisha, kwenye mrunda mbichi kama huu. Siku ya tano mti ukatoka ndani yake. Leo ni siku ya tano toka ulipofunga hili."

Mjomba alitazama mkono wangu wa kushoto, ule usiogeuka, kama vile anauona kwa mara ya kwanza.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuonea huruma. Leo sikuonei."

Sijutii kulisema hilo, ingawa uso wake sijausahau. Kama ningemwonea huruma tena siku ile, ningemwonea akiwa mita kumi na moja juu, amerudi hatua moja kutazama kona yake.

Mwenyekiti akakohoa. "Haya naona ni ya kifamilia. Muda unakwenda, na askofu—"

"Mwalimu, nyamaza kidogo."

Alikuwa mama. Alitua ndoo, akaokota kipande cha tofali, akatembea mpaka kona ya mbele, akaupiga mrunda wake kitakoni. Ukalia debe. Akaupiga tena juu kidogo, wote tukasikia.

"Huu ni wangu," akasema. "Umelala nje mvua tatu. Niliujua. Niliuacha uhesabiwe hivyohivyo kwa sababu sikutaka nionekane nyumba yangu haina mrunda, toka mzee afariki." Akamtazama mwenyekiti. "Sasa mnataka kumpandisha kaka yangu juu yake kwa kuwa umeombewa? Utoeni."

"Mama, sadaka iliyotolewa—"

"Sadaka ni yangu. Utoeni, au nautoa mimi, na sijui kufungua kamba, nitautoa kwa shoka."

Halafu mwanamke mmoja, jirani yetu, akasema kama anayejisemea, "Na ule wetu wa mikato mitatu mgongeni." Mwingine akasema wa kwao aliuona una ufa toka mwanzo, ila alikuwaga anaogopa kusema. Mjomba akatoa kisu mfukoni. Alianza na fundo aliloshika kwanza, la kona ya mbali, akalikata. Hakulifungua. Alilikata.

Tulilibomoa jukwaa lote siku ile na kulipanga upya kwa wiki nzima. Mikavu tuliazima kwa mtu aliyekuwa amemaliza nyumba Murangi. Mibichi tuliyoibakiza tulifunga kwa waya laini uliokunjwa mara mbili na kukazwa kwa kipande cha nondo, ambao ukilegea unazungusha nondo mara moja unakaza tena, na tukaikaza kila asubuhi. Nilichora ramani upya kubwa zaidi, ikabandikwa mlangoni mwa kanisa. Mjomba alikuwa anaisimamia kama vile ameichora yeye. "Mshazari huo unakwenda wapi? Angalia karatasi." Na kabla ya mtu yeyote kukanyaga ngazi, alizunguka kila kiungo akikishika kwa mkono, kisha akarudia baada ya kila mvua. Alisema nyavu inakaguliwa asubuhi, hakuna mvuvi anayeingoja ijae samaki ndipo aikumbuke.

Mwalimu naye alinishangaza. Alileta daftari la mahudhurio lililobaki toka alipostaafu, akaiandika mirunda yote kwa alama za familia, na kila asubuhi akawa anaita. Mikato miwili? Mjomba anashika, anajibu: yupo. Msalaba mkubwa? Yupo, ila kazi haiwezi, mkaze. Wanawake wa maji walikuwa wanakuja mapema ili wasikie mirunda yao ikiitwa. Wale ambao mirunda yao ilikataliwa walileta mbao za kukanyagia, na mwalimu akaziandika pia.

Askofu alikuja Jumapili yake. Mnara ulikuwa umepigwa plasta upande mmoja na nusu, sehemu iliyobaki ni matofali, na jukwaa limeuzunguka wote. Kuna mtu wa kamati alipendekeza tulibomoe usiku wa kuamkia Jumapili lisiharibu picha, tulisimamishe tena Jumatatu. Nilimwambia alibomoe peke yake na alisimamishe peke yake, kisha apande wa kwanza. Likabaki. Mwenyekiti aliomba radhi kwa askofu mbele ya watu wote, akaeleza kwamba kazi imechelewa kwa sababu za kiufundi, na watu kadhaa wakageuka kunitazama. Nilikaa wima.

Mama alikuwa ameketi karibu nami. Akaninong'oneza bila kugeuza kichwa:

"Ule mrunda wangu mmeupeleka wapi?"

"Nusu ya juu ilikuwa nzima. Niliikata. Iko pale kwenye ngazi, ndiyo inayoshika bendera."

Alifikiri kidogo. "Kama haubebi mtu, ubebe kitambaa," akasema, na akaendelea kuimba.

Jumatatu nilikuwa nimeomba ruhusa Butiama, nikabaki kijijini. Mjomba alimaliza mzunguko wake, mwalimu akafunga daftari, na mimi nikaing'oa bendera, iliyokuwa inakaa ngazini mpaka ukaguzi wa asubuhi uishe, nikaisimika pembeni. Akapanda. Nilimwona anapita kila ngazi ya mbao akigusa viungo hata vile alivyovigusa dakika tano zilizopita. Alipofika juu alipiga kona yake, akarudi hatua moja kuitazama, kama wanavyofanya wote. Ule mti wa kulala ukamzuia nyuma. Akaukalia kidogo, akachungulia chini.

"Mama ramani," akaita. "Huu mti uliuchora urefu wa nani? Umenifika makalioni."

"Nilikupima kwa macho, mjomba."

"Siku nyingine nipime kwa kamba."

Tangu hapo nimesimamia kazi nyingine nyingi, za mabomba na za mirunda, na kila mahali nimekuta mtu mwenye fundo ambalo halilegei na tarehe ambayo haisogei. Ukimkuta wa kwako, usigombane naye kuhusu fundo. Mwombe aweke mkono. Na ukiwa wewe ndiye unayepanda kesho, una haki ya kugonga mrunda kabla ya kuukanyaga, hata kama umeombewa, hata kama ni wa mama yako.

Kule kwetu bado wanasema kwamba mimi ndiye niliyechelewesha mnara wiki mbili. Wanasema mbele yangu, kwenye misiba na harusi, wakicheka. Ni kweli. Niliuchelewesha, na mjomba wangu huwa yupo pale anawasikiliza, ameshika sahani yake ya pilau.